Miwa ina timu, korosho je?

Leo hapa Philadelphia jamaa mmoja wa kazini kamaliza nusu saa nzima ya msosi analalamikia kitambaa. Kitambaa chenyewe inchi 2.5 kwa 2.5, kile cha tangazo wanachoshona kifuani kwenye jezi za NBA, ligi ya kikapu ya huku, na Sixers, timu ya hapa, ndo walikuwa wa kwanza kukiuza, 2016. Jamaa mpaka leo hajasamehe, anasema jezi imenajisiwa. Nlimsikiliza tu, ila moyo wangu ulikuwa Nangwanda, uwanja wa mpira wa kwetu Mtwara.

Mi nimecheza timu ya mtaa pale Magomeni, Mtwara. Mwaka mmoja tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi katununulia jezi 11, sio 12, kumi na moja, kaandika jina la duka kwa rangi ya mkono. Ukitolewa unavua palepale kwenye mstari, anayeingia anaivaa na jasho lako. Zilipofuliwa mara ya kwanza herufi zikaanza kubanduka, yule mzee akaja mwenyewe na kopo la rangi akarudishia. Na mechi hakukosa hata moja, jina lake lilikuwa uwanjani bwana!

Sasa najua mtaanza, "huyu kala mkate wa Marekani kashatusahau". Sijasahau kitu. Ndanda, timu ya kwetu Mtwara, ilivyopanda ligi kuu 2014 nlilia, ilivyoshuka 2020 nlilia tena, na Namungo wa Ruangwa, Lindi, walivyocheza makundi ya Shirikisho Afrika niliringa kazini kwa watu ambao hata Ruangwa hawawezi kuitamka. Ndo maana nasema.

Hebu angalieni. Hawa wanagombania kitambaa, sisi kwetu sukari ina timu nzima! Mtibwa Sugar kabeba ubingwa 1999 na 2000, Kagera Sugar kakaa ligi kuu miaka na miaka, hakuna aliyesema mpira umenajisiwa, watu walipata mshahara na basi la kusafiria. Miwa jamani. Korosho iko wapi? Sisi tunaosafiri kutoka Mtwara mpaka Bukoba kucheza mechi, kona hadi kona ya nchi, tunaenda na mchango wa harambee halafu tunashangaa kwanini vijana wanafika miguu imevimba.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Weka shilingi 1 tu kwa kilo iende kwa timu, hiyo ni milioni 300. Shilingi moja!

Kuna mtu atasema mkulima kashakatwa makato ya kutosha, na hapo nakubaliana naye kabisa, mama yangu ana mikorosho Nanyamba sitaki aguswe hata senti. Nasema anayenunua. Yule anayekuja mnadani na kuondoka na meli nzima, alipe yeye, aweke jina lake kifuani akitaka na mgongoni. Mwingine atasema makampuni ya kubeti si yapo, Simba walipewa zaidi ya bilioni 26 kwa miaka mitano 2022. Sawa, ila hao wanafuata kwenye mashabiki wengi, Kusini watakuja lini, na mi sitaki mtoto wa Mikindani ajifunze kusoma kwa jina la kamari wakati mkorosho uko nyuma ya nyumba yao.

Nataka siku moja nimvalie jamaa wa kazini jezi imeandikwa KOROSHO kifua kizima, herufi kubwa, anune anavyotaka.