Tarehe ya kuisha juu ya CV

Wiki iliyopita mtoto wa shangazi yangu, yuko Tanga, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Salamu peke yake zilikula dakika nzima. Shikamoo kaka, habari za kazi, afya, huko joto limepungua? Mtu wa Tanga akikuulizia joto la Dubai ujue nyuma kuna mzigo. Mwishoni akautua: kapata wakala, visa ya matembezi ya siku 60, tiketi, na kitanda cha wiki ya kwanza, vyote milioni tatu na nusu. Mama yake yuko radhi kukopa kwenye VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. "Nikifika nitapambana mwenyewe kaka, wewe nioneshe njia tu."

Nimechelewa kumjibu kwa sababu maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, kabla sijatua hapa tarehe 20 Januari 2023.

Nianze na nyumbani, maana wengi tukishafika huku tunasimulia kana kwamba tulitokea peponi. Nina diploma ya uhasibu. Nilitafuta kazi miaka mitatu, kati ya Tanga na Dar. Bahasha za kaki, barua za kuanzia "Mkurugenzi Mtendaji, S.L.P.", vyeti vilivyogongwa mhuri wa wakili mpaka wakili mwenyewe akanizoea. Akaunti ya Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, niliifungua asubuhi na jioni kama mtu anayeangalia mtego. Nilijitolea miezi minane kwenye ofisi moja kwa malipo ya nauli, nikiamini nafasi ikitoka itakuwa yangu. Ilipotoka akaja kijana mwenye mjomba.

Katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyewahi kuniambia hapana. Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza. Kila mahali ni "acha namba, utapigiwa". Simu haiji, na wewe huna pa kulalamikia kwa sababu hujakataliwa. Unakaa kwenu, mama anapika, unakula, unaosha sahani, unarudi kitandani. Unaoza huku umeshiba.

Sasa njoo Deira, upande wa mji mkongwe wa Dubai. Siku yangu ya tatu nilitoka na Mkenya mmoja wa Kisumu tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja maeneo ya Naif. Tulianza saa mbili asubuhi, tukapita Baniyas, tukapanda Al Rigga, hoteli kwa hoteli, ofisi kwa ofisi, kila mmoja na nakala thelathini za CV kwenye mfuko wa nailoni. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeambiwa hapana mara tisa. Usoni, bila kupakwa mafuta. Mhindi mmoja wa duka la vipuri aliisoma karatasi yangu kwa sekunde kumi, akanirudishia, akasema hana nafasi ila nimjaribu jirani yake ghorofa ya pili. Mwenzangu aliona nimenyong'onyea akadhani nimeumia. Wallahi sikuumia. Nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyekuwa akipiga kelele kisimani miaka mitatu, leo kasikia sauti ikijibu.

Basi Dubai ina hilo zuri, na sitalificha. Haikuchoshi kwa kukungojesha. Bosi unaweza kumkuta mlangoni, usaili ni dakika tano, jibu ni leo au kesho. Huulizwi nani kakutuma.

Ila kuna kitu yule Mkenya alinifanyia usiku wa kwanza ambacho sikukielewa uzito wake mpaka baadaye. Aliichukua CV yangu niliyoipanga vizuri nyumbani, akasema hii hapa haisomeki. Akaweka picha. Akaandika uraia. Halafu juu kabisa, chini ya jina, kabla ya elimu, kabla ya uzoefu, akaandika: visa ya matembezi, inaisha tarehe 20 Machi. Nikamwuliza, hili la nini? Akasema usipoliandika utaulizwa, na ndilo swali la kwanza. Ni kweli. Kila kidole cha kila meneja kilikwenda kwenye mstari ule kabla ya kwenda popote. Nilikuwa nimetiwa tarehe ya kuisha kama boksi la Panadol.

Mnaonifuata huko nyumbani mkiulizia "viziti", yaani hii visa ya matembezi, huo ndio mstari ninaotaka muutazame. Mengine yote mnaelezwa na mawakala.

Kwa mwajiri, mtu wa viziti ana faida zake. Yupo tayari mjini, hakugharamiwa tiketi, anaweza kutazamwa kwa macho, na mkikubaliana karatasi zake zinabadilishwa papo hapo. Ndiyo maana njia hii inafanya kazi, na anayewaambia kwamba haiwezekani anawadanganya. Chumbani kwetu tulikuwa wanane, na kwa hesabu yangu watano walipata kazi. Lakini faida hiyo ya mwajiri inakua kila siku yako moja ikipungua, na yeye anajua kusoma kalenda.

Siku yangu ya 19 niliitwa na ofisi moja ya wafanyabiashara. Walikuwa na kazi ambayo nimeisomea: kuandika hesabu, kufuatilia ankara, kuhesabu mali ghalani. Wakasema dirham 2,500 na pa kulala. Wakati ule dirham moja ilikuwa karibu shilingi 640, nikapiga hesabu kichwani mpaka nikasahau kuvuka barabara. Wakasema, tupe wiki moja. Wiki ikawa mbili. Nilipiga simu, nikaenda, nikaambiwa meneja amesafiri. Siku ya 52 wakanipigia wao. Kiti kilekile, kompyuta ileile, daftari zilezile. Mshahara dirham 1,800. Nikamwuliza yule bwana, mbona tulizungumza 2,500? Hakunijibu kwa ukali. Aliigeuza CV yangu mezani, akaweka kidole kwenye ule mstari wa juu, akanitazama.

Nilitia saini. Elimu yangu haikuwa imepungua tangu siku ya 19, wala Kiingereza changu. Zile dirham 700 za kila mwezi, kwa mkataba wa miaka miwili, ni dirham 16,800, ambazo kwa bei ile ni zaidi ya shilingi milioni kumi. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa siku 33 za kuambiwa subiri. Wakala aliniambia visa ni laki kadhaa. Hakuniambia hii.

Mnaweza kusema ningekataa, ningengoja nyingine. Kungoja na nini? Nyumbani kungoja kulikuwa bure, na sikujua kwamba ni mali. Ugali wa mama ulikuwa ruzuku. Deira kitanda cha juu kilikuwa dirham 600 kwa mwezi, cha chini 650 kwa sababu ya heshima ya kutopanda ngazi. Ukiweka na chakula, kila jua lililochomoza lilikuwa linakula kama dirham 35, yaani shilingi elfu ishirini na ushee, kabla sijapanda hata basi. Siku za mwisho nilikuwa nautembea mji wote kwa miguu. Anasa yangu ilikuwa abra, ile boti ya kuvuka hori kwenda Bur Dubai kwa dirham moja. Nikiwa ndani yake nilikuwa naikumbuka pantoni ya Kigamboni. Watu wamesimama vilevile, mizigo vilevile, ila pale hakuna anayezungumza na asiyemjua. Na ile dirham moja ni nauli ya Kigamboni mara tatu.

Na usisahau deni, maana nami nilikuja kwa mkopo. VICOBA wanataka marejesho kila wiki, hawajui habari za siku 60. Mama alikuwa akinipigia Jumapili kuniuliza kama nimekula, haulizi kazi, na mimi nilikuwa najua kesho yake ni Jumatatu ya marejesho. Saa ya visa inakugongea huku, saa ya deni inakugongea kule. Mtu aliyesimama katikati ya saa mbili hajui kukataa chochote.

Ndivyo nilivyofanya kazi siku tisa kwenye dobi moja, wiki ya tano, kwa jina la "majaribio". Kukunja mashuka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya kumi wakasema hawajaridhika. Hawakunilipa hata senti, na nisingeweza kwenda popote kushtaki, kwa sababu sheria ya hapa iko wazi: kufanya kazi na visa ya matembezi ni kosa, langu mimi na lao wao. Mwaka 2024 waliipandisha faini ya mwajiri anayemtumia mtu asiye na kibali, ikawa kuanzia dirham 100,000 hadi milioni moja. Huenda imewatia watu hofu. Lakini aliye dhaifu kati ya wawili waliokosa pamoja ni yule anayeweza kupandishwa ndege.

Chumbani kwetu watu walijulikana kwa siku zilizobaki kuliko kwa majina. Yule Mganda aliyetafuta kazi ya ulinzi alikuwa "kumi na nne". Kijana wa Goma, mwenye Kiswahili kitamu ambacho Wakenya walikuwa wakimwomba akirudie, alikuwa "sita". Kisha akawa sifuri. Hakuondoka. Faini ya kupitisha muda ni dirham 50 kwa siku, na mwanzoni alikuwa akiihesabu kwa mzaha. Ulipoanza Septemba 2024 msamaha wa waliopitisha muda kuondoka bila kulipa faini, hesabu yake ilikuwa imepita dirham 27,000. Mwaka mmoja na nusu alikuwa hakanyagi kituo cha metro kwa kuogopa kuombwa kitambulisho. Tulimsindikiza uwanja wa ndege akiwa na begi lilelile alilokuja nalo. Hakuna picha ya Burj Khalifa aliyowahi kuituma kwao.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua utawaudhi mawakala na baadhi ya jamaa zangu: sina ugomvi na visa ya matembezi, nina ugomvi na visa ya matembezi ya mkopo. Mwenye akiba yake ya miezi miwili na tiketi ya kurudi ambayo kweli yuko tayari kuipanda, aje. Huyo akiambiwa 1,800 anaweza kusema ahsante akatoka. Akirudi kwao atakuwa ameuona mji na amejua bei yake sokoni. Aliyekopa hana mdomo huo, na wanaoajiri wanamnusa kutoka mlangoni.

Kuna pia visa ya kutafuta kazi yenyewe, halali kabisa, ilianza Oktoba 2022, ya siku 60, 90 au 120. Lakini inataka shahada. Mimi wa diploma ilinipita, na huyu ndugu yangu naye itampita. Wenye digrii zao mliolala nayo kabatini, ulizeni hiyo kwanza kabla ya kumwona mtu wa Kariakoo.

Halafu msimu. Mimi nilitua miezi miwili kabla ya Ramadhani, visa yangu ikaisha siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Ofisi nyingi zilikuwa zikisema "baada ya Idi", na Idi mimi nisingekuwepo. Wakala hakunitajia Ramadhani, naye ni Muislamu. Ukija Julai ni hivyohivyo, mabosi wenyewe wamekimbia joto.

Na karatasi. Ofa ya kazi inayotambulika hupitia wizara ya kazi ya hapa, unaisaini wewe kabla kibali hakijatoka. Huja kwa Kiarabu na Kiingereza, na nilipofika kulikuwa na nafasi ya lugha ya tatu: Kihindi, Kiurdu, Kibengali, Kinepali na nyinginezo. Kiswahili hakimo, pamoja na majahazi yote yaliyokwenda na kurudi kati ya hori hili na pwani yetu. Basi tafuta wa kukusomea. Na mwajiri akikudai wewe pesa ya kibali au gharama za kukuajiri, sheria inamkataza, hata akikuonesha risiti yenye mhuri wa dhahabu.

Mimi mkataba wangu uliisha 2025. Nikahamia kwa mwajiri mwingine, na safari hii CV yangu juu iliandikwa visa ya ukazi. Usaili ulikuwa na mwanamama Mfilipino. Alianza kusoma kutoka kwenye elimu. Nilikaa pale namtazama macho yake yakishuka mstari kwa mstari, mpaka chini, kwenye wadhamini, nikashindwa kuyasikia maswali mawili ya kwanza.

Kijana wa shangazi nimemjibu jana usiku. Nimemwambia yote haya kwa sauti, dakika kumi na moja, nikakata mara mbili kwa sababu ya kelele za jirani. Amesikiliza, naona alama za buluu. Akajibu kwa kuandika: "Nimekuelewa kaka. Sasa hicho kitanda cha chini bado ni 650?"

Nimemtumia nauli ya basi hadi Dar, akaanze kugonga mihuri ya vyeti wizarani na ubalozini, maana hilo hufanyika hukohuko. Ya ndege bado.