Gari la Shemeji Lapandisha Mashetani

Shemeji alifungiwa redio mpya kwenye gari lake. Redio ikaimba vizuri, ila vitufe vya sauti vya kwenye usukani vikageuka mapambo. Fundi alimshauri awe ananyoosha tu mkono. Shemeji si mtu wa kunyoosha mkono. Akaniita mimi, kwa kuwa kwenye ukoo wetu mwenye laptopu ni daktari wa kila kitu chenye waya.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nyuma ya redio zinapita waya mbili za CAN, zimesokotana, na humo ndimo vifaa vya gari vinamotangaziana habari: kila ujumbe una namba yake ya kitambulisho na baiti zisizozidi nane. Unachomeka adapta ya USB, Linux inaiona kama kadi ya mtandao yenye jina can0, unaandika candump -l can0, amri ya kurekodi, na kila kinachopita kinaingia kwenye faili. Shemeji atabonyeza kitufe cha sauti, mimi nitatafuta namba iliyobadilika.

"Haya, bonyeza kitufe cha sauti."

Akabonyeza. Akaona haitoshi. Akapiga honi. Akawasha wipa. Akashusha kioo cha abiria, akakipandisha. Akafungua loki za milango yote, akazifunga, akazifungua tena, akazifunga.

"Ya nini yote hayo?"

"Nakuongezea data, shemeji."

Nikazima candump. Nilitaka kuirudia rekodi kwenye vcan0, laini ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta, isiyo na gari upande wa pili, niichambue kwa utulivu. Nikaandika canplayer, amri ya kucheza rekodi, pamoja na -l i -I na jina la faili. Hiyo -l i ni kuizungusha rekodi bila kikomo. Sasa, canplayer usipoiandikia vcan0=can0, yaani cha can0 kipeleke vcan0, nami sikuiandikia, haina makuu: kila mstari wa faili una muda kwenye mabano, jina la laini, kitambulisho, alama ya # na baiti zake, nayo inasoma hilo jina la laini na kuurudisha ujumbe kulekule ulikotoka. Kwa dakika nzima hakikutokea kitu, maana mwanzo wa rekodi shemeji alikuwa bado anarekebisha kiti. Nikaacha laptopu kwenye kiti cha abiria, tukatoka nje kunyoosha migongo. Funguo ilibaki kwenye swichi, imewashwa.

Milango ilipofungwa tu, gari likapiga honi.

Tukatazamana. Wipa zikaanza kukwangua kioo kikavu. Kisha ta! loki zikafunguka, ta! zikajifunga, ta! zikafunguka, ta! zikajifunga, na zamu hii zikakaa hivyo hivyo.

"Nani yumo humo?" shemeji akauliza.

Swali zuri, na ndilo swali ambalo gari halijui kuliuliza. CAN, tangu Bosch walipoitoa hadharani mwaka 1986, haina nafasi ya jina la mtumaji. Ujumbe wenye namba ya honi ukipita, honi inalia. Kama umetoka kwenye usukani au kwenye laptopu ya shemejiye mtu, hilo si kazi yake.

Kioo cha abiria kilikuwa na visa vyake peke yake. Rekodi inaamuru "shuka", huku swichi halisi kwenye mlango wa dereva, ambayo hakuna aliyeigusa, inaendelea kutangaza "sijabonyezwa, sijabonyezwa". Kioo kikawa kinashuka upana wa kidole, kinasita, kinashuka kingine, kinasita, halafu kinapanda kwa mtindo uleule. Na pale jumbe mbili za namba moja zilipotoka kwa pamoja zikiwa na baiti tofauti, laini ikajaa makosa na taa za onyo zikawaka kwenye dashibodi, za rangi zote zilizokuwemo.

Nikamwambia shemeji tusubiri loki zifunguke, kisha avute kitasa. Akakishika kabla ya wakati, akakivuta kwa nguvu zake zote. Loki nyingi hazifunguki kitasa kikiwa kimevutwa. Ta, ta, ta, ta, na mlango haukusogea.

"Achia kwanza!"

"Nikiachia litajifunga!"

"Limeshajifunga, shemeji!"

Majirani walianza kujitokeza. Shemeji akaleta mpini wa ufagio, akangoja kioo kishuke, akaupenyeza. Nikamweleza kuwa dawa ya kuisimamisha canplayer ni Ctrl na C. Akabonyeza C. Nikamweleza kuwa ni Ctrl pamoja na C, kwa mpigo mmoja. Akauliza niliona wapi mpini wenye ncha mbili. Akaendelea na C, kwa imani, na herufi zikawa zinajipanga kwenye skrini huku honi ikilia. Mara mpini ukateleza ukaangukia Enta.

Kwenye duru iliyofuata niliuchukua mimi, nikaufungia waya wenye ndoano kwenye ncha, nikanasa kebo ya USB na kuivuta. Adapta ikachomoka, can0 ikatoweka, canplayer ikalalamika kwamba kifaa hakipo na ikakata roho. Bahati nzuri duru ilikuwa imefikia loki wazi. Shemeji akafungua mlango taratibu, akainama kusoma skrini, akaniita kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Bash, programu inayopokea amri kwenye laptopu, ilikuwa imemjibu kwamba haijui amri yoyote inayoitwa cccccccccvcccxcc.