Altaneta Iliyorithi Umri wa Marehemu

Eti waranti. Tangu asubuhi neno hilo limenikaa kooni kama ugali wa jana.

Unaingia duka la spea pale Mwanjelwa, Mbeya, altaneta, ile ya kuchaji betri ya gari, umeifunga kwenye salfeti, unasalimia kwa adabu zote, maana mwenye haki hafoki.

"Kijana wangu, hii imekufa."

"Pole, mzee wangu. Ya lini?"

"Mlinibadilishia miezi 2 iliyopita. Waranti miezi 6."

"Miezi 6 ya ile ya kwanza, mzee. Ile ilikufa ikiwa na 5. Hii iliingia kumalizia mmoja uliobaki."

Yaani chuma kipya kimerithi umri wa marehemu! Na karatasi nyingi za waranti ndivyo zinavyosema: kifaa cha kubadilishiwa kinamalizia muda wa mwanzo, hakianzi upya, labda muuzaji aandike vingine. Tena kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Unakumbuka wewe ni mzee wa kanisa. "Basi tuangalie tarehe." Risiti ya EFD hiyo, ile ya mashine ya kodi, nyeupe pe! Karatasi ile huandikwa kwa joto, si kwa wino, na maandishi yake hufifia. Iache kwenye dashibodi, jua linaila yote. Ipigwe picha palepale kaunta.

"Fundi wako alipima betri kabla ya kufunga?" kijana anauliza.

Kimya. Betri mbovu huilazimisha altaneta kuchaji kwa nguvu muda wote mpaka dayodi zake, vile vipande vya kunyoosha umeme, zinaungua, na huko kuungua si kosa la kiwanda. Injini ikinguruma, mita kwenye betri isome kama volti 13.8 hadi 14.5. Mkanda ukilegea, oili ikidondokea ndani, ni juu yako. Hata wakikubali kubadilisha, hela ya fundi mara nyingi hairudi.

Halafu kuna wale wa "miezi 6 au kilomita 10,000, kinachotangulia". Noah ya abiria ya Mbeya–Tukuyu ikienda na kurudi mara 2 kwa siku ni kilomita 280 hivi. Siku 36, kwisha! Hiyo miezi 6 wameweka mapambo.

Klachi pleti na breki pedi usiulize waranti. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua kwa umeme mdogo, utapewa pole na kiti cha kukalia.

Sasa huyu kijana anapokea simu mimi nikiwa katikati ya sentensi! Anacheka! Na mvua nayo imeanza, ile ya Mbeya isiyojua kuaga. Konda anaita Uyole, Uyole, nafasi iliyobaki ni ya juu ya injini. Napanda. Angalau pale pana joto.