Majani ya Makaburini Nayo Ni Hazina

Juzi baada ya swala ya Alasiri tulikaa kikao cha msikiti, hapa Mbeya mjini, kuzungumzia makaburi. Ni Agosti, majani yamekauka, na pendekezo lilikuwa vijana wafyeke kisha watie moto eneo lote lionekane safi. Nilipinga. Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo naeleza hapa.

Wiki iliyotangulia nilifukia vikopo viwili vya plastiki, midomo yake ikiwa sawa na ardhi. Kimoja nilikiweka kwenye uwanja wa mtaa unaochomwa kila kiangazi, kingine chini ya nyasi za makaburini. Alfajiri, baridi ikiuma vidole, nikaenda kuvitazama. Cha uwanjani kilikuwa na sisimizi wanne, wote wa namna moja. Cha makaburini kilikuwa na sisimizi wa namna tatu, nyenje wawili, mdudu mweusi mwenye mgongo unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na buibui wa kahawia aliyeburuta kifuko cha mayai yake nyuma ya tumbo. Usiku mmoja na vikopo viwili si utafiti, najua. Ila nilichuchumaa pale mpaka jua likachomoza.

Hawa ndio wanaotoboa ardhi ili mvua ya Novemba izame badala ya kuteremka na udongo wetu hadi mtoni. Mchwa wanakata majani makavu na kuyashusha chini. Wale wanaoviringisha mavi ya ng'ombe wanafukia mbolea ambayo hakuna aliyeinunua. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapa hapa Mbeya, Nanenane ya 2022, na wakulima wengi niwajuao imewafaa. Siipingi. Kinachoniuma ni kwamba fedha ya umma inanunua rutuba kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unawasha kiberiti.

Katika mafundisho yetu kuna kisa ninachokipenda, kimo katika Sahih al-Bukhari. Sayyidna Umar, alipokuwa Khalifa, alimweka mtumishi wake, Hunayy, kusimamia hima, malisho yaliyozuiwa kwa maslahi ya umma. Akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini mifugo ya matajiri Ibn Awf na Ibn Affan asiiruhusu. Hao wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini akifiwa atakuja na wanawe kumlilia Khalifa, na Khalifa hawezi kumwacha. Kwa hiyo maji na majani, alisema, ni mepesi kwake kuliko dhahabu na fedha.

Hiyo ni hesabu ya mtunza hazina. Ardhi hai inaizuia Baitul-mal, hazina ya umma, isitoboke. Sisi tunahesabu kinyume: eneo la wazi huonekana halina faida mpaka lijengwe fremu za maduka, ndipo liandikwe kwenye mapato.

Hata zaka ya mazao inafundisha jambo hilo. Shamba la mvua hutoa sehemu moja ya 10, na linalomwagiliwa kwa gharama hutoa moja ya 20. Pale ambapo mvua imefanya kazi bure, fungu la wengine ni kubwa zaidi. Kazi isiyolipwa imetambuliwa. Mimi naona kazi ya mchwa inastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo, ingawa hili ni langu, si fatwa ya mtu.

Nenda Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Watu wanapiga picha maua, na ni haki yao. Mara chache utamwona anayepiga goti afunue majani aone kilicho chini.

Kikaoni mzee mmoja aliniuliza, "Na nyoka, mwanangu? Wanawake wanapita pale na watoto." Swali la haki. Nikamjibu njia zifyekwe pana, na kuzunguka makaburi mapya pia, kwa panga, bila moto. Akanyamaza, akachezea tasbihi yake. Kisha akasema nusu ya chini, kule kwenye miti, iachwe mpaka mvua zianze, halafu tutazame.

Jumamosi tunafyeka ya juu. Vikopo vyangu nimeviosha, nitavirudisha pande zote mbili.