Meli yangu ilipinda kama ndizi

Aisee watu wakiikuta meli yangu mezani swali ni lile lile, utamaliza lini, na nikisema sijui wananisifia, eti wewe una subira. Sina subira jamani. Mimi ndo yule anayefunua sufuria ya wali mara tano kabla haujakauka.

Naunda mfano wa MV Victoria, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, kwa njiti za kiberiti, sentimita 70 hivi, nilianza masika ya mwaka jana. Kila njiti unaikata kichwa kwa wembe, unaipiga msasa, zile za omo, yaani mbele ya meli, unaziloweka maji ya moto zilegee ndo uzikunje taratibu, unabana na vibanio vya nguo, unasubiri gundi nyeupe ya maseremala ikauke. Usiku ukiwa mzuri njiti 20. Umeme ukikatika, sifuri.

Sasa kosa langu lilikuwa hili. Nilipomaliza mataruma, yaani mbavu za meli, nikazivika njiti upande wa kushoto peke yake, nikasema upande mmoja ukiisha napata moyo wa kuendelea. Wiki 6. Kumbe gundi ikikauka inanywea, inavuta, na kulia hakuna kitu cha kuvutana nayo, basi mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, ukaanza kupinda kidogo kidogo bila mimi kuona, au niseme ukweli, niliona nikajifanya sijaona, nikijipa moyo kwamba upande wa kulia ukija utanyoosha mambo.

Nikaibeba hadi Kirumba Mwaloni kwa mzee mmoja fundi mitumbwi. Shikamoo, marahaba, akaishika akafumba jicho moja akaitazama kutoka tezi, yaani nyuma, kwenda omo. "Mjukuu wangu, hii meli au ndizi?" Af akanionyesha mtumbwi anaoujenga, ubao mmoja kushoto, unaofuata kulia, hakuna upande unaoachwa nyuma. Nikamuuliza dawa yake nini. "Ng'oa."

Nilimnunia siku tatu huyo mzee, na hata hakujua.

Mwishowe nikachukua beseni la maji ya uvuguvugu nikalaza ule ubavu humo, gundi ikalainika ikawa kama uji, na wiki 6 zikabanduka ndani ya nusu saa. Hapa ndo nabishana na wanaosifia subira. Kukaa miezi na kitu kimoja mbona kila mtu anaweza, ni kukaa tu. Kilichonitoa jasho ni ile nusu saa. Namjua mtu anafuma sweta la mtoto ambaye sasa hivi yuko darasa la tatu, ukimuuliza anasema polepole ndo mwendo, lakini ukilichunguza lile sweta kuna kosa begani, analijua, hataki kufumua, na hawezi kuendelea juu yake. Hapo nisimwite mvumilivu, anakwepa.

Na Victoria yenyewe, wengi wa hapa Mwanza tumeipanda kwenda Bukoba bila kujua habari zake. Iliundwa Scotland, wakaifunga kwa bolti ikasimama meli kamili, wakaandika namba kila kipande, halafu wakaifungua yote! Mamia ya vipande vikasafirishwa kwa bahari mpaka Kenya, ikajengwa upya Kisumu, ikaanza kazi 1961. Yani waliibomoa kwa makusudi ikiwa nzima, haijapinda hata kidogo, maana ziwani isingefika vinginevyo. Baadaye ikachoka, ikapandishwa ikakarabatiwa, 2020 ikarudi majini na jina jipya. Sasa mimi nalilia njiti za kiberiti za pakiti moja dukani.

Saizi navika kama mzee alivyosema, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na inachosha kuliko mwanzo kwa sababu hakuna upande unaoonekana umeisha, kote nusu nusu, hata picha ya kuweka status sina. Mke wangu anaitaka meza yake. Jana nimebandika 9 umeme ukakatika, kushoto 5 kulia 4, nikalala vibaya.