Jina la aliyeomba liandikwe

Kuna mwandishi anayedai kwamba kutangaza hadharani fedha za miradi ya majimbo, na nani aliziomba, kutachelewesha kazi. Sikubaliani naye. Bunge la Wawakilishi la Marekani liliweka kanuni mwaka 2007: mbunge akichomeka fedha za mradi wa kwao kwenye bajeti, jina lake linaandikwa kando ya mradi. Mwaka 2011 wakazisimamisha fedha hizo, 2021 wakazirudisha kwa masharti: kila mbunge aweke maombi yake kwenye tovuti yake, na atie saini kwamba yeye na mwenza wake hawana maslahi humo. (Hapo kwenye mwenza ndipo penyewe!)

Sisi Tanzania tuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi ni mbunge mwenyewe. Huku kwetu Moshi vijijini saruji ilishushwa shuleni, ikakaa hadi ikaganda. Nikamuuliza kiongozi mmoja imetoka fungu gani, akacheka: "Mama, wewe shukuru tu." Nimshukuru nani, na kwa shilingi ngapi? Karatasi moja inatosha kwenye ubao wa kata: mradi, kiasi, aliyeomba. Gundi nitaleta mimi.