Chai Yetu na Wabulushi Wanaosubiri Kitanzi

Sisi watu wa Mombasa tunawajua Wabulushi. Waliletwa na masultani wa Oman kuwa askari, wakalinda Ngome, wakaoa, wakazaa, na leo ukimsikia Mbulushi wa Makadara akipiga soga barazani, Kimvita chake ni kile kile cha jirani yake. Asili yao ni Baluchistan, nchi iliyokatwa vipande kati ya Iran, Pakistan na Afghanistan. Ninaowaombea hapa ni wale waliobaki upande wa Iran.

Mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilihesabu watu wasiopungua 853 walionyongwa nchini Iran. Mmoja katika kila watano alikuwa Mbulushi, ilhali Wabulushi ni kama asilimia 5 tu ya raia wa nchi ile.

Kuna atakayesema labda ndio wahalifu zaidi. Tuitazame hoja hiyo. Zaidi ya nusu ya walionyongwa mwaka ule, watu 481, walipatikana na makosa ya dawa za kulevya. Mkoa wa Sistan na Baluchistan, ambao makao yake makuu ni Zahedan, umepakana na Afghanistan na Pakistan, na kasumba, yaani afyuni, inayokwenda Ulaya hupita humo. Ni mkoa maskini sana. Watu wake wengi ni Wasuni katika dola ya Kishia, na wako wasio hata na cheti cha kuzaliwa, hivyo shule na ajira za serikali ni hadithi kwao. Kijana anabeba petroli kuvuka mpaka akihatarisha kupigwa risasi, au anabeba mzigo wa tajiri asiyemjua. Mzigo ukikamatwa, anayenyongwa ni mbebaji. Februari 2016, Shahindokht Molaverdi, aliyekuwa makamu wa rais wa Iran anayeshughulikia wanawake, alisema hadharani kwamba katika kijiji kimoja cha mkoa huo wanaume wote wazima walikuwa wamenyongwa. Wote. Maneno hayo yalitoka ndani ya serikali yenyewe.

Sidai kwamba kila aliyeko gerezani hana hatia. Simjui mwenye hatia ni nani, na shida yangu ni kwamba kwa utaratibu ule hata jaji hawezi kumjua. Kesi za dawa za kulevya na za usalama wa taifa hupelekwa Mahakama za Mapinduzi, zilizoundwa mwaka 1979. Mshukiwa huhojiwa akiwa peke yake, wiki kwa wiki. Kwenye kesi za usalama, katika hatua ya upelelezi, wakili lazima atoke kwenye orodha iliyopitishwa na mkuu wa idara ya mahakama ya nchi. Wafungwa wengi wamesimulia kwamba walipigwa hadi wakakiri, kisha kukiri huko kukawa ndio ushahidi. Mbulushi ambaye Kiajemi hakijui vizuri anatia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Wakurdi na Waarabu wa Ahvaz, jamii nyingine za wachache nchini Iran, wameyapitia hayo hayo. Farzad Kamangar, mwalimu wa Kikurdi, alihukumiwa kifo mwaka 2008 baada ya kesi ya dakika chache. Wakili wake alisema hakuona chochote kwenye jalada kinachothibitisha mashtaka. Vyama vya walimu duniani vilimpigia kelele, lakini tarehe 9 Mei 2010 alinyongwa pamoja na wengine wanne bila wakili wala familia kuarifiwa.

Najua jibu la baadhi ya ndugu zangu: hizo ni propaganda za Wamarekani, Iran ina sheria zake. Haya, tuzifuate hizo sheria zake. Kifungu cha 38 cha katiba ya Iran kinakataza kumtesa mtu ili akiri, na kinasema ungamo la namna hiyo halina thamani. Iran pia iliridhia mwaka 1975 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaompa mshtakiwa wakili amtakaye, mkalimani bila malipo, na rufaa. Mpaka leo haijajitoa. Anayeomba haya hajaleta sheria ngeni kutoka Washington.

Wala Kenya haijatakata. Mara ya mwisho tulinyonga mwaka 1987, lakini majaji wetu bado wanatoa hukumu ya kifo, na ilibidi tungoje mpaka Desemba 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, ndipo Mahakama ya Juu ikasema mtu asihukumiwe kifo kwa lazima bila kusikilizwa kuhusu adhabu yenyewe. Hilo ndilo tunaloweza kumweleza mwenzetu Iran bila kuona aibu.

Na nafasi ya kumweleza tunayo. Julai 2023, katika mwaka ule ule wa watu 853, Ebrahim Raisi, aliyekuwa rais wa Iran, alipokewa Nairobi kwa gwaride, mikataba ikatiwa saini, ikazungumzwa biashara ya chai, maana Iran imekuwa mteja wetu kwa miaka mingi. Kuhusu vitanzi, hadharani sikusikia neno. Wanaosema Tehran haisikii wanasahau kwamba mwaka 2017, baada ya nchi kama Denmark na Ireland kuacha kufadhili mpango wa kupambana na dawa za kulevya nchini Iran, na baada ya wabunge wa Iran wenyewe kuchoka, sheria ya dawa za kulevya ililegezwa. Walionyongwa wakashuka kutoka 507 mwaka huo hadi 253 mwaka uliofuata. Idadi ilianza kupanda tena 2021, macho ya dunia yalipokuwa kwingine.

Basi ujumbe wetu ukikaa tena mezani na Wairani kujadili bei ya chai, uongeze ajenda moja. Uulize ni Wabulushi wangapi wanasubiri kunyongwa kwenye magereza ya Zahedan na Mashhad, wangapi walikuwa na wakili waliomchagua wenyewe, wangapi walipewa mkalimani, na rufaa zao zimefika wapi. Na uombe majibu kwa maandishi.